Kabla hujanywa huo unga: jinsi ya kutumia dawa za kienyeji bila kuliumiza ini

Sijaja kumkataza mtu dawa za kienyeji, nikikataza nani atanisikiliza, mtaa mzima una miarobaini uani na bibi zetu ndio walitukuza nayo. Ninachosema ni kimoja tu: dawa usiyoweza kuitaja jina usiinywe. Ukija kuamka macho yamekuwa ya njano daktari atakuuliza umekunywa nini, na ukimjibu "nilipewa unga wa kahawia na jamaa mmoja pale stendi" hapo hana pa kuanzia, na kipimo cha kusema huu ulikuwa mmea gani hospitali zetu nyingi hazina.

Kwanza ujue karibu kila unachomeza kikishanyonywa tumboni kinapitia kwenye ini kabla hakijasambaa mwilini, na ini haliulizi kimetoka kiwandani au porini. Hiyo habari ya "ya asili haina madhara" achana nayo. Afrika Kusini kuna mzizi unaitwa impila, Wazulu wanautumia kama dawa toka enzi, na umeshaua watu wengi wakiwemo watoto wadogo kwa kuharibu ini na figo. Mafuta ya mwarobaini pia, mtoto mchanga akinyweshwa anaweza kutapika, kupata degedege na ini kujaa mafuta, imeshatokea huko Asia, kwa hiyo mtoto mpake tu kama ni lazima ila asimeze.

Sasa ukinunua, anza na kopo lenyewe. Lisome. Kama limeandikwa linatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, UTI, ngiri, bawasiri na nguvu za kiume, yote hayo kijiko kimoja kutwa mara mbili, rudisha mezani uendelee na safari yako. Mimi nataka kuona jina la mmea, ni mzizi au jani au gome, tarehe ya kutengenezwa, na namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji akikwambia ni siri ya familia, sawa, aendelee kuitunza. Na zile za nguvu za kiume na za maumivu ya viungo zinazofanya kazi ndani ya saa moja zishuku mara mbili, maana zipo zilizopimwa zikakutwa zimesagiwa vidonge vya hospitali humo humo, alafu wewe unajua unakunywa mizizi.

Kingine watu hawakifikirii ni ukungu. Magome yaliyoanikwa yakiwa hayajakauka vizuri, yakafungwa kwenye mfuko wa plastiki, yanaota ukungu kama mahindi yanavyoota, na ukungu wa aina fulani unatoa sumukuvu ambayo kazi yake ni kuua ini. Kenya mwaka 2004 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu 125, na kwetu Tanzania mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unga ukinusa unanuka uvundo au umeganda mabonge mabonge, mwaga. Usiseme nitauchemsha, sumukuvu haifi kwa kuchemsha.

Umeshapata dawa unayoijua? Basi tumia moja kwa wakati mmoja. Hapa ndipo watu wanapoharibu kabisa, asubuhi mlonge, mchana shubiri, usiku vidonge vya "kusafisha ini" (ini linajisafisha lenyewe jamani), ikitokea shida hujui umtuhumu nani. Piga picha kopo, andika kwenye simu tarehe uliyoanza na kiasi unachokunywa. Na usipandishe dozi kwa sababu jirani anakunywa kikombe kizima. Vitu vya jikoni navyo vikigeuzwa vidonge vinakuwa kitu kingine, manjano ya kwenye pilau hayana neno lakini vidonge vyake, hasa vile vilivyochanganywa na pilipili manga ili mwili uyanyonye zaidi, Italia mwaka 2019 waliripoti watu kadhaa waliopata homa ya ini baada ya kuvitumia. Chai ya kijani hivyo hivyo, kikombe sio tatizo, tatizo ni vidonge vikali vya kupunguza kitambi.

Kama uko kwenye dozi ya TB, usichanganye na chochote. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi zenyewe zinaweza kuliumiza ini, sasa ukiongeza na mizizi juu yake unatafuta nini? Wa ARV, mwenye homa ya ini B, mjamzito, na mnywaji wa pombe wa kila siku, ongeeni na kliniki kwanza, na semeni ukweli. Najua kuna manesi wanafoka ukitaja mitishamba, mwache afoke, wewe taja.

Dalili za ini kuumia ni hizi: uchovu usioeleweka, kichefuchefu, chakula hakipandi, mwili kuwasha bila vipele, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo unakuwa kama chai ya rangi hata ukinywa maji mengi, choo kinapauka, macho yanakuwa ya njano. Inaweza kuja ndani ya siku chache au baada ya miezi, kwa hiyo usiseme "mbona nimeitumia muda mrefu tu".

Ukiona hivyo acha mitishamba yote siku hiyo hiyo, acha pombe, usimeze panadol kiholela, na tafadhali usiende kutafuta dawa nyingine ya kienyeji ya kutibu hayo macho ya njano, watu wengi wanamalizikia hapo. Dawa za hospitali usiziache kimya kimya, nenda hospitali leo leo kabla ya dozi inayofuata, wao ndio wakuambie. Beba kopo na unga uliobaki, omba wakupime ini, kuna kipimo cha damu kinaitwa LFT. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo au kutoka damu puani na kwenye fizi, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku.

Mara nyingi ukiacha mapema ini linarudi. Ila ukishapona usiijaribu tena ile ile uone kama ndio yenyewe, mara ya pili huwa inakuja kwa kasi na inaweza kuua. Mwambie daktari akujazie ile fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya kuripoti madhara ya dawa, mitishamba nayo inaripotiwa.