Kuzidisha kwa tarakimu mbili: funika makumi kwanza

Mtoto anayekosa 47 × 36 mara nyingi jedwali la kuzidisha analijua vizuri. Kinachomponza ni mstari wa pili. Mpe kipande cha karatasi afunike ile 3, azidishe 47 × 6 peke yake: 282. Kisha ahamishie karatasi kwenye 6 na, kabla ya kuzidisha chochote, aandike 0 chini ya mamoja. Sasa azidishe kwa 3, apate 1410. Mwambie ile 3 aitamke "thelathini", ajue sifuri ile imetoka wapi. Jumla 1692. Akiisahau sifuri atapata 282 + 141 = 423, na mwonyeshe hapo hapo kwamba 47 × 10 tu ni 470.

Ile 4 aliyoibeba kwenye mstari wa kwanza aikate kwa kalamu kabla ya kuanza wa pili. Asipoikata ataijumlisha tena badala ya 2 anayoibeba sasa, aandike 1610. Kosa hili linawapata hata watoto makini.

Kwa mtoto ambaye bado anahesabu 7 × 6 kwa vidole, karatasi haitasaidia. Arudi kwenye jedwali kwanza.