Somo: Kuwinda faji, virusi vya bakteria, kutoka tone la maji taka hadi plaki safi

Wadau, wengi mmekuwa mkiomba somo la virusi lenye vitendo. Nimechagua virusi vinavyoshambulia bakteria, yaani bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Haviambukizi seli za mtu, mnyama wala mmea, na mwanafunzi mwenye maabara ya kawaida na msimamizi anaweza kuvipata, kuvihesabu na kuvisafisha bila hadubini ya elektroni. Kuvipata si kazi: makadirio yanayotumika sana ni kwamba duniani zipo faji 10³¹ hivi. Kazi ni kujua umepata ipi na zipi zimekuponyoka, maana kila hatua hapa chini ni mchujo, hata pale usipodhani unachuja.

Hatua ya 1: Chagua bakteria mwenyeji

Faji hazili kila kitu. Nyingi hushika aina moja ya bakteria, na mara nyingi koo chache tu ndani ya aina hiyo. Anayeanza atumie Escherichia coli K-12, ukoo wa maabara usio na madhara, unaojigawa kila dakika 20 hivi ukipewa lishe nzuri na nyuzi 37. Wengine hupenda Mycobacterium smegmatis, ndugu mpole wa bakteria wa kifua kikuu, lakini huyo hukua polepole na anadai subira.

Usichague bakteria wa ugonjwa eti matokeo yavutie. Hilo ni suala la maabara yenye kibali, si la somo hili.

Hatua ya 2: Chota sampuli

Kwa E. coli, maji taka ndiyo mgodi. Kwa M. smegmatis, tafuta udongo wenye mboji au mmea unaooza. Mililita 50 zinatosha. Vaa glavu na miwani, na usipulize wala kutikisa maji taka ovyo, kwa sababu humo hamna faji peke yake. Kwenye chupa andika tarehe, mahali na joto. Chupa isiyo na maandishi ni uchafu tu.

Hatua ya 3: Tuliza, kisha chuja

Zungusha sampuli kwenye sentrifuji kwa dakika 10 hadi 15 ili mchanga na seli vishuke, au iache kwenye friji usiku mzima. Chota maji ya juu uyapitishe kwenye kichujio cha sirinji chenye matundu ya maikromita 0.45 au 0.22. Bakteria hubaki juu, faji hupita. T4, mojawapo ya faji zinazojulikana sana, ina urefu wa nanomita 200 hivi pamoja na mkia wake.

Hapa nitulie kidogo. Kichujio hiki ndicho kilichozaa fani nzima. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alionyesha kwamba utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa wa batobato ulibaki na uwezo wa kuambukiza hata baada ya kupita kwenye kichujio kinachozuia bakteria. Tangu hapo "kinachopita kichujio" kikawa karibu ndiyo maana ya kirusi. Kisha ikaja Mimivirus. Ilitoka kwenye maji ya mnara wa kupoozea huko Bradford, Uingereza, mwaka 1992, na kwa miaka kadhaa ilidhaniwa ni bakteria kwa sababu ya ukubwa wake. Mwaka 2003 ndipo ilipotangazwa kuwa ni kirusi cha amiba. Virusi vikubwa vya namna hiyo vilikuwa vikitupwa pamoja na kichujio, vizazi na vizazi vya watafiti. Kwa hiyo ukichuja kwa 0.22, jua umeshafunga mlango kwa baadhi ya wageni.

Hatua ya 4: Zidisha, ukilazimika

Changanya maji yaliyochujwa na lishe ya maji yenye nguvu maradufu, ongeza bakteria wako na kloridi ya kalsiamu kidogo (milimola 1 kwa lita hutosha, faji nyingi huhitaji kalsiamu ili zishike seli). Tikisa usiku mzima kwa nyuzi 37, zungusha tena, chuja tena.

Njia hii hukupa faji hata kama zilikuwa chache mno. Gharama yake ni kwamba anayezaliana haraka huwameza wengine wote, na unaweza kuishia na faji moja yenye mbio tu. Kwa maji taka na E. coli mimi huiruka hatua hii. Kwa udongo, siiruki.

Hatua ya 5: Zimua

Panga mirija minane, kila mmoja na mililita 0.9 za bafa (maji ya chumvi yasiyobadilika asidi kirahisi). Tia 0.1 ya sampuli kwenye wa kwanza, changanya, badilisha ncha ya pipeti, hamisha 0.1 kwenda wa pili, endelea hivyo hadi wa nane. Kubadilisha ncha si madoido. Ncha moja iliyorudiwa huvuruga hesabu yote.

Hatua ya 6: Mimina tabaka mbili

Andaa mapema sahani zenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ngumu ya asilimia 1.5. Kwenye mrija mdogo changanya mililita 0.1 za faji iliyozimuliwa na mililita 0.3 za bakteria walio katikati ya kukua, si wale waliolala tangu jana. Subiri dakika 10 faji zishike. Ongeza mililita 3 za agari laini (asilimia 0.5 hadi 0.7) iliyoyeyushwa na kupoa hadi nyuzi 45 hivi, zungusha mrija mara moja kati ya viganja, mwaga juu ya sahani, inamisha huku na huku ienee. Una sekunde chache tu kabla haijaanza kuganda na kufanya mabonge. Iache robo saa, geuza sahani juu chini, weka kwenye inkubeta hadi kesho.

Sahani moja isiwe na faji kabisa. Bila hiyo, yote utakayoona kesho ni ubishi.

Hatua ya 7: Soma sahani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayofanywa kwa pupa. Inua sahani kwenye mwanga. Bakteria wamefunika agari kwa utando mweupe, na ndani yake kuna viduara vilivyo wazi. Hivyo ndivyo plaki. Kila kimoja kilianza na chembe moja ya faji: ikaingia kwenye seli, ikaipasua, watoto wakaingia kwenye seli za jirani, na duara likazidi kupanuka mpaka bakteria walipoacha kukua.

Angalia ukingo na katikati. Plaki angavu kabisa humaanisha kwa kawaida faji inayoua moja kwa moja. Plaki yenye ukungu katikati huashiria faji inayoweza kujificha ndani ya jenomu (jumla ya DNA) ya bakteria, na ule ukungu ni bakteria waliobaki hai wakiwa wameibeba. Ukiona duara wazi lililozungukwa na pete hafifu inayozidi kukua siku baada ya siku, mara nyingi faji hiyo inatoa kimeng'enya kinachokula gamba la sukari la bakteria. Plaki ndogo kama ncha ya sindano inaweza kuwa ya faji kubwa: chembe pana hupenya kwenye agari kwa shida.

Sasa mtego. Doa wazi peke yake halithibitishi kirusi. Bakteria nao hutoa sumu za kuuana wao kwa wao, na tone la sumu hiyo huacha doa zuri tu. Tofauti huonekana ukizimua. Sumu hufifia, doa likawa hafifu na hafifu zaidi hadi likatoweka. Doa la kirusi hukatika vipande: eneo lote wazi, kisha madoa yanayogusana, kisha viduara vinavyohesabika, kila kimoja kikiwa wazi kamili. Félix d'Hérelle alitegemea viduara hivyo hivyo. Mwaka 1917 alidai kwamba kinachoua bakteria wa kuhara damu ni chembe hai zinazozaliana. Miaka miwili kabla yake Frederick Twort alikuwa ameona jambo la namna hiyo bila kukata shauri.

Hatua ya 8: Hesabu

Tumia sahani yenye plaki kati ya 30 na 300. Tuseme una 84 kwenye mzimuo wa 10⁻⁶, yaani mrija wa sita, na ulitia mililita 0.1. Gawanya 84 kwa 0.1, kisha kwa 10⁻⁶. Unapata 8.4 × 10⁸, yaani chembe milioni 840 zinazoweza kuambukiza katika kila mililita.

Hatua ya 9: Safisha

Chomoa plaki moja iliyojitenga kwa ncha ya pipeti, loweka kwenye bafa, zimua, mimina upya. Rudia angalau mara tatu, hadi sahani nzima iwe na plaki za sura moja. Anayeruka hapa hupeleka mchanganyiko kwenye mashine ya kusoma DNA, kisha anashangaa kupata "faji mpya" yenye vipande vya faji mbili.

Hatua ya 10: Hifadhi

Chuja, weka nyuzi 4, gizani. Nyingi hudumu miezi na zaidi, ila pima idadi mara kwa mara.

---

MASWALI YA WANACHAMA

fundi_pipeti: Mkuu, shukrani kwa somo. Sahani zangu zote zimekuwa wazi kabisa, hakuna utando. Nimepata faji kali au?

Jibu: Sahani isiyo na faji ikoje? Kama nayo ni wazi, umewaunguza bakteria kwa agari ya moto. Kama ile ina utando na nyingine hazina hadi mzimuo wa nane, faji ni nyingi mno, ongeza mizimuo. Na kama utando upo kote lakini plaki hakuna hata moja, tazama umri wa bakteria na kalsiamu. Anayetumia M. smegmatis aangalie pia kama lishe ina Tween, aina ya sabuni, kwani huzuia faji kushika.

Mdadisi: Vichujio vimeniishia. Niliambiwa klorofomu inaua bakteria na kuacha faji. Kweli?

Jibu: Kweli kwa faji nyingi zenye mkia. Ila zipo zenye mafuta katika gamba lake, kama phi6 na PRD1, na klorofomu huziharibu. Ukiitumia umechagua upande, na uandike hivyo kwenye daftari. Kinyume chake, ukitaka faji kubwa, klorofomu inaweza kukufaa kuliko kichujio. Punguza pia agari laini chini ya kiwango nilichotaja ili zipenye. Fanyia kwenye kabati la kunyonya hewa, mvuke wake si wa mchezo.

mama_wawili: Mwalimu, mwanangu ana kidonda ambacho dawa za antibayotiki hazikisaidii. Faji safi ya hatua ya 9 haiwezi kupakwa?

Jibu: Pole sana, dada. Hapana, usimpake. Usafi wa hatua ya 9 ni wa aina ya faji, si wa dawa. Maji yale yamejaa mabaki ya bakteria waliopasuka, na mabaki ya E. coli ni sumu kwa mwili. Kisha zipo faji zinazobeba jeni za sumu: sumu ya kipindupindu yenyewe huletwa kwa bakteria na faji, jambo lililoonyeshwa mwaka 1996.

Matibabu ya faji yapo, ila ni ya hospitali. Mwaka 2019 ilitolewa taarifa ya msichana wa miaka 15 huko Uingereza aliyeshambuliwa na Mycobacterium abscessus baada ya kupandikizwa mapafu. Alipewa faji tatu kutoka mkusanyiko wa Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akapata nafuu kubwa. Mbili kati yake ilibidi zikatwe jeni ya kujificha kwanza. Ya tatu, Muddy, ilitoka kwenye biringanya lililooza huko Afrika Kusini. Mpeleke mtoto kwa daktari na uombe kidonda kioteshwe maabara, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuweza.

Shamba_darasa: Njia hii inafaa virusi vya mimea na mifugo?

Jibu: Wazo ndilo hilo, uwanja tofauti. Mwaka 1929 Francis Holmes alipaka kirusi cha batobato ya tumbaku kwenye majani ya Nicotiana glutinosa, akahesabu madoa yaliyokufa. Majani hutofautiana, kwa hiyo ikazoeleka kupaka sampuli nusu ya jani na kilinganishi nusu nyingine. Mwaka 1952 Renato Dulbecco akahamishia plaki kwenye utando wa seli za kiinitete cha kuku, na virusi vya wanyama vikaanza kuhesabika kwa namna hiyo. Ila mimea ina vituko vyake. Kirusi cha batobato ya alfalfa hugawa jenomu yake katika chembe tofauti, na chembe moja peke yake haifui dafu. Ukizimua mara kumi, madoa hupungua zaidi ya mara kumi. Virusi vya mifugo usivijaribu nje ya maabara yenye kibali.

kijana_wa_data: Kwa nini tuhangaike na sahani wakati mashine inasoma DNA yote ya maji kwa mpigo?

Jibu: Mashine huona usichoweza kuotesha, sibishi. Mwaka 2014 crAssphage, iliyojaa matumboni mwa watu, iligunduliwa kwenye data bila mtu kuiona. Lakini jenomu pekee haikutosha kuthibitisha bakteria wake. Mwaka 2018 ndipo kundi la Cork, Ireland, lilipofanikiwa kuotesha ndugu yake mmoja ndani ya Bacteroides intestinalis, na ikaonekana inaweza kuzaliana bila kumdidimiza mwenyeji. Herufi za DNA peke yake zisingekuambia hilo.

fundi_pipeti: Nimerudi, mkuu. Agari ilikuwa ya moto kweli, sasa plaki ninazo. Naruhusiwa kuipa faji yangu jina? Na niiweke ukoo gani?

Jibu: Jina la faji uliyoitoa wewe ni haki yako, mradi halijatumika. Jina la spishi hupitishwa na kamati ya kimataifa ya uainishaji, ICTV. Makala za zamani zitakuambia uangalie mkia: mrefu unaosinyaa na kufupika ni Myoviridae, mrefu usiosinyaa Siphoviridae, mfupi Podoviridae. Koo hizo tatu zilifutwa mwaka 2022, kwa sababu jeni zilionyesha kuwa sura ya mkia haifuati undugu. Kwenye ripoti andika mkia kama maelezo tu, na sehemu ya ukoo iache wazi hadi upate jenomu.