Kitanzi cha pambo la kioo kisichong'oka

Ukitengeneza mapambo ya vioo vya rangi ya kutundika kwenye mti wa Krismasi, yale yenye jina la kila mwanafamilia, usilehemu kitanzi kwenye ukingo wa utepe wa shaba (ule unaobandikwa kuzunguka kingo za kioo) peke yake. Utepe ule umeshikwa na gundi tu. Uzito ukiuvuta siku mbili tatu, unaanza kubanduka, na jina la mtoto linaishia sakafuni. Nimeshaokota vipande hivyo, inauma.

Kipeleke kitanzi kwenye mshono, pale vioo viwili vinapokutana. Laza mkia wa waya wa shaba kama sentimita moja ndani ya mshono, kisha uufunike kwa lehemu. Pambo ni la kioo kimoja? Zungusha waya ukingoni kote, ndipo ulehemu.

Jina lichonge kabla ya kubandika utepe, kioo kikiwa kimelowa, maana vumbi lake linadhuru mapafu. Na lehemu ya 60/40 ina bati asilimia 60 na risasi, madini yenye sumu, asilimia 40, kwa hiyo kwa nyumba yenye watoto wadogo tafuta isiyo na risasi kabisa. Ukimaliza, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Dawa ya kulehemia, ile inayopakwa ili lehemu ishike, ikibaki, mishono huota kutu ya kijani.