Rufiji kwa boti: namna ya kufika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kupitia Mloka

Juzi nimerudi Mloka na shangazi na wajukuu wake wawili. Ndugu wengi wananiuliza tulifanyaje, basi ni hivi.

1. Msimu
Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika usijaribu, njia hazipitiki.

2. Njia
Kutoka Dar shika barabara ya kusini hadi Kibiti, kisha ingia ya Mloka. Lala Mloka, lango la Mtemere liko jirani.

3. Malipo
Hapa soma polepole. Getini hawapokei noti. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Safari yangu ya kwanza nilikuwa na fedha taslimu tupu. Saa tatu nzima watoto wa watu wamekaa kwenye gari juani, mimi niko juu ya bodaboda narudi kijijini kutafuta wakala mwenye salio la kutosha. Kwa hiyo jaza pesa kwenye simu ukiwa bado Dar, na ujaze kwa kuzidisha: kiingilio kina hesabu yake, gari lina yake, boti ina yake. Usitegemee laini moja. Mwenzako naye awe na pesa kwenye mtandao mwingine. Mtanzania analipa kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni wa nje, ila aonyeshe kitambulisho. Watoto wabebee vyeti vya kuzaliwa. Kabla hujaondoka dirishani, soma stakabadhi: idadi ya watu, gari, boti.

4. Nguo
Kaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o huzifuata.

5. Boti
Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, achukue boti, aache gari. Toka saa kumi jioni, jua likipoa. Usisimame, na mkono usiuning'inize nje, mamba wapo. Kiboko akizama mbele yenu nahodha atapunguza mwendo. Msimharakishe, anasubiri ajue ataibukia wapi. Kwenye kingo za udongo tafuta matundu madogo yaliyopangana, ndiyo viota vya keremkezi, ndege wala nyuki. Juu ya mivumo iliyokauka, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi, angalia furukombe, tai mla samaki.

Kisha mwombe nahodha azime mashine, dakika tano tu. Shangazi alimsikia kiboko akipumua kabla hajamwona, akanishika mkono, hakusema neno.