Stelingi Nzito kwenye Gari la Zamani: Pampu Iwe ya Mwisho Kulaumiwa

Mzee mmoja wa Muheza alinijia gereji, hapa Ngamiani, Tanga, na Corolla 110. Pampu ya stelingi ilikuwa imeviringishwa gazeti, iko kiti cha mbele kama abiria. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mwanangu, nifungie hii. Ile ya zamani imekufa." Nikamuuliza aliyeipima nani. Fundi wa huko kwao, kaisikiliza ikilia, kasema pampu.

"Oili unaongeza, mzee?"

"Kila wiki nusu chupa."

"Na chini ya gari panalowa?"

"Hata tone. Uani kwangu nimemwaga saruji, ningeona."

Nikaweka spana chini. Oili inayoisha kila wiki bila kudondoka ina pahala inapokwenda, na ukishajua ni wapi, huna haja ya pampu. Nitamrudia mzee huyu hatua ya saba. Fuata hizi za mwanzo kwanza, kwa mpangilio huu huu, kwa sababu nimezipanga kuanzia zisizo na gharama.

Jambo moja kabla hujafungua boneti: maelezo haya ni ya stelingi ya oili, yenye pampu inayozungushwa na mkanda. Corolla za miaka ya tisini, Carina, Mark II, Noah za zamani, Hiace. Vitz, IST na Passo nyingi zinatumia mota ya umeme. Ukitafuta kichupa cha oili ya stelingi usikione, huenda gari lako ni la mota na habari yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Muulize dereva, au jiulize mwenyewe

Nzito lini? Ikiwa nzito gari likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga mafuta kidogo inalainika, fikiria mkanda, oili iliyopungua, chujio lililoziba, na mwisho kabisa pampu. Ikiwa nzito kukata kulia lakini kushoto ni laini, usipoteze muda na pampu, maana pampu haijui kulia wala kushoto; tatizo liko kwenye reki, ile fimbo ya chini inayosukuma tairi kushoto na kulia. Ikiwa inalia kama nyuki kila ukikata, kuna hewa ndani. Ikipiga yowe moja kali ukifika mwisho wa kona, hasa siku ya mvua, huo ni mkanda. Na ikiwa nzito, halafu ukishamaliza kona usukani haurudi wenyewe, mpaka uuvute kwa mkono, nenda hatua ya 3 moja kwa moja.

Hatua ya 2: Upepo

Usicheke. Pima upepo wa tairi za mbele asubuhi, zikiwa za baridi, ulinganishe na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nimeshapokea gari lililotoka gereji mbili, kumbe tairi zote za mbele zina nusu ya upepo unaotakiwa.

Hatua ya 3: Nyanyua mbele, zima injini

Piga jeki, weka stendi pande zote mbili. Jeki peke yake si stendi, na matofali ya bloku yanapasuka bila kukuaga. Sasa zungusha usukani kwa mkono mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Tairi zikiwa hewani usukani unatakiwa uende, kwa ukinzani kidogo na wa aina moja njia nzima. Ukikwama katikati, au ukienda kwa vipande vipande, ubovu ni wa vyuma.

Hapa Tanga ndipo ninapokuta nusu ya kesi zangu. Hewa ya chumvi haina huruma. Gari linaloshinda Deep Sea kubeba samaki, au linaloegeshwa Raskazone kila jioni, krosi ya shafti ya stelingi, yaani kiungo kinachopinda cha fimbo inayoshuka kutoka kwenye usukani, inashika kutu, na mpira wa boljointi, kiungo cha duara ambacho tairi hugeukia, ukishachanika mchanga na maji ya chumvi yanaingia, grisi inatoka. Ingia chini ya dashibodi na tochi, uitazame krosi ya juu huku mtu akizungusha taratibu. Ile ya chini iko karibu na reki. Ikiwa na unga mwekundu wa kutu, umeshaanza kupata jibu.

Kutaka uhakika, chomoa tairodi zote mbili, zile fimbo zinazotoka kwenye reki, kwenye nako, kile chuma kinachoshika tairi, uzungushe usukani tena. Usukani ukiwa mwepesi sasa, mzigo uko kwenye boljointi au beringi za juu ya shokapu. Geuza kila tairi kushoto na kulia kwa mikono utaijua ipi. Ukibaki mzito, ni krosi au reki.

Hatua ya 4: Kichupa kinasema mengi

Fungua kifuniko. Kina alama mbili, HOT ya injini iliyochemka na COLD ya injini iliyolala. Soma iliyo sahihi kwa wakati huo. Kisha chovya kidole. Oili nzuri ni nyekundu na unaona ngozi yako kupitia ndani yake. Ikiwa nyeusi na inanuka kama sufuria iliyoungua, imechoka na imebeba unga wa mipira. Ikiwa na povu la rangi ya waridi, kama tui lililopigwa na Vimto, kuna hewa.

Kipimo cha hewa ni hiki: injini ikiwa inawaka, weka alama kwa kalamu kwenye usawa wa oili. Zima. Oili ikipanda zaidi ya milimita 5, hewa imo.

Kuhusu aina: Toyota hizi za zamani zinakunywa ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, Dexron II au III. Soma kifuniko, kwa sababu Honda wana oili yao na hawapendi kuchanganyiwa. Oili ya breki usiiweke hata kwa dharura. Inavimbisha sili zote, ile mipira inayozuia oili isivuje, kuanzia pampu mpaka reki, na ukishaimwaga humo hesabu ya kuokoa elfu chache imegeuka laki kadhaa.

Hatua ya 5: Mkanda

Zima injini, uubonyeze katikati ya puli mbili kwa dole gumba kwa nguvu. Ukizama kiasi cha sentimita moja, sawa. Ukizama kama kamba ya kuanikia nguo, kaza. Ukiwa unang'aa kama kioo upande wa ndani, kukaza hakutasaidia, nunua mwingine. Basi.

Hatua ya 6: Tafuta inakovuja, na inakoingia hewa

Osha chini kwa sabuni, kausha, tandika boksi lililokunjuliwa, acha gari usiku mmoja. Asubuhi boksi litakuonyesha upande. Angalia maungio ya paipu ya presha, sili ya nyuma ya puli ya pampu, halafu minya mipira ya reki, ile yenye mikunjo kama kinanda. Ikiwa imejaa oili ndani, sili za reki zimekwisha.

Lakini kuna mpira mmoja unaodanganya mafundi wengi, nami ulinidanganya mwaka mzima nilipoanza kazi. Ni ule mnene unaotoka kwenye kichupa kwenda kwenye pampu. Huo ni wa kunyonya. Ukiwa na ufa au klipu iliyolegea, hautoi oili nje. Unavuta hewa ndani. Unaweza kuupangusa ukaukuta mkavu kabisa na bado ndio unaofanya pampu ilie kama ngedere. Ubonyeze kwa vidole: mpira mzima unarudi, uliozeeka ni mgumu kama gome la mnazi. Badilisha na klipu zake. Nilishabadilisha pampu ya mteja mara mbili kwa ajili ya kipande cha mpira cha urefu wa kiganja, na pesa ya pili nilitoa mfukoni mwangu.

Hatua ya 7: Mzee wa Muheza

Pampu nyingi za Toyota za enzi hizo zina vali ndogo iliyokazwa kwa nyuzi, kama bolti, kwenye mwili wa pampu, na mipira miwili myembamba inatoka hapo kwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kupandisha sailensa kidogo unapokata stelingi, ili injini isizime. Presha ya oili ikipanda, vali inafunguka na kuipitishia injini hewa ya ziada.

Sili ya ndani ya vali hiyo ikifa, injini inanyonya oili ya stelingi pamoja na hewa, na kuichoma. Chini hapadondoki kitu. Moshi mweupe unatoka ekzosi, na wengi wanakimbilia kusema silinda hedi.

Nilichomoa mpira mmoja mbele ya mzee, nikauinamisha juu ya karatasi nyeupe. Matone mawili mekundu. Mpira ule unatakiwa uwe mkavu. Ukitaka kuthibitisha kwenye gari lako, chomoa mipira yote miwili, ziba matundu ya upande wa injini kwa bolti na klipu, ziba na ya vali, endesha siku mbili tatu. Oili ikibaki palepale, umepata. Sailensa itashuka kidogo ukikata kona umesimama, na hiyo haina madhara kwa muda mfupi.

Nilimfungia vali nzima niliyoitoa kwenye pampu mbovu iliyokuwa kwenye ndoo yangu ya vyuma. Kazi ya nusu saa. Pampu aliyonunua dukani hawakuirudisha, mali ikishatoka haina marejeo, akaenda nayo nyumbani na gazeti lake.

Hatua ya 8: Badilisha oili, toa hewa

Hapa pakiharakishwa, kelele zinarudi na lawama inaangukia spea. Nunua lita mbili. Tairi za mbele ziwe hewani, injini imezimwa. Chomoa mpira wa kurudisha oili kwenye kichupa, ziba tundu lake, mpira wenyewe uingize kwenye chupa ya maji. Msaidizi azungushe usukani taratibu kutoka mwisho mpaka mwisho, wewe unaongeza ATF kichupani bila kuacha kikauke. Endelea mpaka itoke nyekundu safi. Usiwashe injini kufanya kazi hii. Pampu inamaliza kichupa kwa sekunde chache, kisha inajisaga kavu. Kama kichupa kina chujio chini, kivue, ukioshe kwa petroli, ukikaushe kabisa. Oili chafu iingie kwenye dumu, siyo mtaroni; mitaro yetu yote inaishia baharini.

Rudisha mpira, jaza mpaka COLD. Injini bado imezimwa, zungusha mwisho mpaka mwisho mara ishirini, ukiangalia viputo vikipanda. Visipotoka tena, washa, acha sailensa, zungusha tena taratibu mara tano sita. Ukifika mwisho usishikilie zaidi ya sekunde mbili tatu. Sekunde kumi za kushikilia zinatosha kuichemsha pampu. Zima, rudia kile kipimo cha milimita 5.

Hatua ya 9: Sasa ndiyo pampu

Yote yamepita na bado nzito? Tairi ziwe chini, injini sailensa, kata mpaka mwisho kwa sekunde mbili, sikiliza. Ukisikia mfoko wa "shhh" na injini ikielemewa, pampu inatoa presha, na ubovu uko kwenye reki. Pakiwa kimya, injini haijali, pampu imechoka. Mwenye geji ya presha apime. Sikio si geji.

Ukinunua ya mtumba, zungusha puli kwa mkono: iende laini, isicheze juu na chini, na nyuma ya puli pawe pakavu. Ukibadilisha reki, hesabu nyuzi za tairodi kabla hujafungua, na bado upeleke alaimenti, tairi zipimwe zielekee sawa.

Kesho yake asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti utazame kichupa kwenye alama ya COLD. Fanya hivyo siku nne mfululizo, na pita na kidole kwenye ile mipira miwili myembamba.