Somo: Kuipanga jenasi ya kishona nguo kwa vinasaba na tunda lake

Vile vijiti vyeusi vinavyong'ang'ania nguo ukipita kichakani, watu huviita mbegu. Ni matunda mazima, na ndani ya kila kimoja mna mbegu moja tu. Jenasi yenyewe ni Bidens, Kilatini cha "meno mawili", ya familia ya alizeti. Jirani yake ni Coreopsis. Kwa muda mrefu zimetenganishwa kwa sura ya tunda: lenye meno ya vimiiba vilivyogeukia nyuma ni Bidens, lenye mabawa bila vimiiba ni Coreopsis. DNA iliposomwa, mpaka huo ulivuja. Spishi za huku zilikutwa zimeketi tawi moja la ukoo na za kule.

Kwa hiyo mimi hufundisha hivi: chora mti wa nasaba (mchoro wa ukoo wa spishi) kwanza, tunda ulipime baadaye.

Hatua ya 1: Sampuli. Kusanya spishi nyingi uwezavyo, kutoka pande zote za eneo la jenasi. Usiache Bidens tripartita na Coreopsis lanceolata, kwa kuwa ndizo spishi zinazobeba majina ya jenasi hizo; zikikosekana, utapata matawi usiyojua kuyaita. Ongeza spishi mbili tatu za nje ya kundi ili mti upate mzizi. Kila mmea utoe vitu viwili vyenye namba moja: vipande vya jani kwenye jeli ya silika ili vikauke, na tawi la kukandamizwa lenye matunda yaliyokomaa.

Hatua ya 2: DNA. Toa DNA kwa CTAB (kemikali ya kuitoa kwenye seli), kisha zidisha kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) eneo liitwalo ITS la kiini cha seli (herufi za DNA kama 600 hadi 700) pamoja na kipande cha kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli, mfano jeni ya matK. Kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kwa mama, kiini kwa wazazi wote wawili. Miti miwili ikigombana, shuku uchotara kabla hujashuku maabara.

Hatua ya 3: Mti. Linganisha mifuatano ya herufi hizo, endesha programu ya kuchora mti. Tawi lenye bootstrap (alama ya uimara wake, hadi 100) chini ya 70 usilijengee hoja.

Hatua ya 4: Kulipasua tunda. Hapa ndipo wengi hukimbia, nami hapa ndipo ninapopapenda.

Chukua matunda ya pembeni na ya katikati ya kichwa kilekile cha ua. Katika Bidens pilosa ya pembeni huwa mafupi kuliko ya katikati, na anayepima moja tu anaweza kudhani ameona spishi mbili. Yachemshe yalainike, kata kwa upana katikati ya urefu wake kwa mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba sana), kisha tia rangi: safranini huipa lignini, yaani sehemu iliyokuwa kama mti, wekundu; bluu ya astra hushika selulosi ya kuta za seli.

Chini ya hadubini anza nje kwenda ndani. Kuna ngozi, kisha tabaka la seli chini yake, kisha mstari mweusi tii, halafu nyuzi ngumu, na mwisho ganda jembamba la mbegu. Mstari huo mweusi ni fitomelanini, na ndio unaokifanya kijiti kiwe cheusi. Hata asidi kali haiuyeyushi. Hujengeka tunda linapokomaa, kwa hiyo tunda changa litakudanganya kwamba haupo. Andika unene wa kila tabaka, idadi ya mafungu ya nyuzi, na mabawa yametokana na seli zipi.

Hatua ya 5: Lipandishe tunda mtini. Kwa kila sifa uliza: imebadilika mara moja au mara nyingi? Meno na mabawa ni vyombo vya safari, na safari ikibadilika navyo hubadilika upesi. Huko Hawaii spishi za Bidens zina nasaba ya karibu sana, lakini baadhi zimepoteza meno kabisa. Ukizipanga kwa meno, utatenganisha ndugu wa tumbo moja.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, nina vielelezo vya zamani vya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) tu. DNA itatoka?*
Itatoka, ila imekatikakatika. Zidisha ITS kwa vipande viwili vifupi. Na omba ruhusa kwa mtunzaji kabla ya kuchuma hata tunda moja. Halirudi hilo.

*ITS yangu ya Bidens pilosa ina vilele viwili mahali pamoja kwenye grafu ya mashine ya kusomea DNA. Nimechafua sampuli?*
Huenda hapana, ndugu yangu. Mmea huo una kromosomu 72, seti sita za 12, hivyo unaweza kubeba nakala za ITS zinazotofautiana. Zitenganishe kwa kloning (kukuza kila nakala peke yake ndani ya bakteria), usichague kilele kirefu ukaendelea.

*Jenasi mbili zimechanganyika kwenye mti wangu. Niziunganishe?*
Inawezekana, lakini utabadilisha majina mengi. Tena majina yote mawili yalitolewa na mtaalamu wa mimea Linnaeus, 1753, kwa hiyo tarehe haitakuamulia lipi libaki. Kanuni za majina ya mimea humfuata wa kwanza kuziunganisha na kuchagua. Mimi ningegawa vijenasi vidogo pale tu ambapo tawi imara lina pia tabaka la tunda la kulitambulisha. Pasipo alama hiyo, anayeushika mmea mkononi bila mashine ya DNA atautambuaje?