Kuwapeleka watoto wadogo kisiwa cha Saanane: siku tatu za likizo Mwanza, hatua kwa hatua

Mzazi akinipigia simu kutoka Dar au Dodoma kuniambia familia inakuja Mwanza likizo, kabla hatujagusa bei huwa namuuliza: mdogo wenu analala saa ngapi mchana? Wengine hucheka. Lakini ratiba nzima naipanga kuzunguka usingizi huo. Kazi ya kutembeza familia nimeifanya miaka tisa, na wanangu watatu nimewabeba mgongoni humohumo kazini. Siku zilizoniharibikia, karibu zote ziliharibika kati ya saa saba na saa tisa mchana: mtoto amechoka, jua linawaka, na baba mtu bado anasema "tumalizie na sehemu moja tu".

Mwongozo huu ni wa watoto walio chini ya miaka minane.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni hadi Agosti ni kukavu, na likizo ya shule ya Juni inaangukia humo. Desemba pia ni likizo, ila mvua za vuli huwa hazijakata. Tena mvua ya huku inapenda kuingia alfajiri na asubuhi ikitokea ziwani, saa zilezile unazotaka kupanda boti. Ukija Desemba, weka siku moja ya akiba.

Hatua ya 2: Kitu kimoja kwa siku

Wageni hunitumia orodha ndefu: Saanane, makumbusho ya Bujora, soko la samaki la Mwaloni, Jiwe la Bismarck, daraja la Kigongo–Busisi, yote Jumamosi moja. Kata. Kitu kimoja asubuhi, mkarudi kula na kulala. Jioni ni ya kucheza tu pale mlipofikia. Jiwe la Bismarck msilitengee siku. Lipo majini karibu na kivuko cha Kamanga, linaonekana kutoka barabarani, picha dakika kumi mmemaliza. Mkubwa akiuliza mbona jiwe la Mwanza lina jina la Kizungu, mwambie Bismarck alikuwa chansela wa Ujerumani enzi za ukoloni. Mdogo atauliza tu mbona halianguki.

Hatua ya 3: Vitambulisho na malipo

Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hapo nyuma ilikuwa bustani ya wanyama ya serikali, iliyoanzishwa 1964 kwenye kisiwa alichokuwa akiishi Mzee Saanane Chawandi, ndiyo maana kina jina lake. Kwa kuwa ni hifadhi, mambo ni ya kihifadhi: malipo hayapokelewi taslimu, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, benki au kadi. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao cha chini. Beba kitambulisho cha taifa ili ulipe kiwango cha Mtanzania. Kwa watoto, picha ya cheti cha kuzaliwa kwenye simu hupunguza mabishano, hasa kama wako wa miaka minne ana kimo cha miaka saba. Na hiyo simu iwe na chaji. Mwaka mmoja yangu ilizima na namba ya malipo iko ndani, familia ya watu sita imesimama nyuma yangu juani. Tangu siku hiyo naiandika kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Begi

Acha kigari cha mtoto hotelini. Kisiwa ni mawe, njia zinapanda na kushuka, utaishia kukibeba kigari na mtoto pia. Chukua kanga mbili: moja ya mbeleko, nyingine ya kutandika kivulini. Kofia zenye kamba, maji ya kutosha, nguo ya kubadili, na chakula kwenye chombo kinachofungwa sawasawa. Ndizi zisikae juu ya begi; tumbili wa Saanane wanaijua zipu kuliko mtoto wako.

Hatua ya 5: Boti

Safari inaanzia ofisi ya hifadhi pale Capri Point, na kisiwani ni dakika chache tu. Fika saa mbili na nusu asubuhi. Ziwa bado limetulia, mawe hayajachemka, na mnyama ambaye mchana atakuwa amelala kichakani bado anatembea.

Hapa sina mzaha. Mwanza tumezika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, na wa kivuko cha MV Nyerere kilichozama 2018. Kila mtoto avae jaketi okozi kabla ya kukanyaga boti, na ulikague mwenyewe. Lifunge, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, omba jingine. La mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitatu ni sawa na kutovaa. Kama la saizi yake halipo, subiri boti inayofuata au ahirisha. Nimewahi kuahirisha, mteja akaninunia siku nzima, na nitaahirisha tena.

Hatua ya 6: Kisiwani, wafuate wao

Hifadhi yote, pamoja na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18; msihangaike kuimaliza. Mkubwa anatafuta simba. Mtoto anatazama kilicho usawa wa magoti yake. Binti mmoja wa miaka minne nilimwona akichuchumaa karibu nusu saa mbele ya mjusi: kichwa na mabega vya waridi iliyokolea, kiwiliwili cha buluu, anapiga pushapu juu ya jiwe. Kila mjusi akiinamisha kichwa, naye anainamisha. Mjusi huyo wanasayansi wanamwita *Agama mwanzae*, jina limetoka hapahapa mjini kwetu. Baba yake alitaka tuondoke tukawaone swala. Nikamwomba akae chini.

Pimbi nao hawakosi kwenye mawe, wamejianika kama mikate. Waambie watoto kwamba yule mnyama wa saizi ya sungura ni ndugu wa karibu wa tembo, uone watakavyobishana. Saa tano na nusu anzeni kurudi kwenye boti, hata kama bado wanacheka.

Hatua ya 7: Maji ya ziwa ni ya kutazama

Watoto wataomba kuchezea maji ufukweni. Kataa. Ziwa Victoria lina kichocho: konokono wa kwenye magugu ya kando hutoa vijidudu vinavyopenya ngozini, hata kwa mtoto aliyetumbukiza miguu tu. Mamba nao wapo. Tafuta hoteli yenye bwawa la kuogelea, hilo ndilo litakalokuokoa jioni. Aliyeingia ziwani kwa bahati mbaya, mkaushe vizuri, na wiki kadhaa baadaye mpeleke akapimwe. Dawa ipo. Chandarua usiku, bila mjadala.

Hatua ya 8: Siku mbili zilizobaki

Siku ya pili nendeni Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma. Kuna ngoma za watemi na nyumba ya Kisukuma ya kuingia ndani. Wafundishe watoto kusema "mwangaluka" asubuhi kwa wazee, watapokelewa kama wajukuu. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kuna mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wachezaji na chatu shingoni. Wa miaka saba atasimulia mwaka mzima. Wa miaka miwili atalia, kwa hiyo mmoja wenu akae naye mbali na ngoma.

Siku ya tatu pandeni kivuko cha Kamanga kwa miguu, mkanunue mahindi ya kuchoma ng'ambo na kurudi. Nauli ni ndogo, upepo ni wa bure, na mtoto akisinzia begani mwako katikati ya maji usimwamshe kumwonyesha Jiwe la Bismarck.